Mgeni Chini ya Mtulinga

Nilianguka kwenye foleni ya samaki, sokoni Turku,
tiketi namba sabini na moja ingali mkononi.
Lahja anasema sikutoa hata mguno,
nilikunjika taratibu, kama hema lililong'olewa nguzo,
na muuzaji akaita: sabini na mbili.

Mapigo thelathini na mbili kwa dakika.
Daktari, binti aliyevaa soksi zisizofanana,
akanichorea moyo wangu nyuma ya bahasha:
huku juu amri inatoka, huku chini haifiki.
"Mjumbe analala njiani, Armas," akasema.
Nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Miaka thelathini na minane nimeunga vyuma vya meli,
waya uliolegea naujua kwa harufu.

Hawakunilaza usingizi, walinitia ganzi tu.
Nikawasikia wakilalamikia bei ya kahawa
huku vidole vyao vikipekua chini ya mtulinga wangu,
kama mtu atafutaye funguo
katika koti nililolivaa mimi.
Waya ukapita mshipani, polepole,
mithili ya kamba inayorudishwa kwenye kiuno cha suruali.
Kisha kimya. Kisha mtu akasema, "Umeshika."
Mimi sikusikia kitu,
ila vidole vya miguu, vya baridi tangu Oktoba,
vikaanza kuwa vyangu tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni mwenyewe ni kidude bapa,
chepesi kuliko kiberiti changu cha zamani.
Nilidhani kitanipigia moyo usiku na mchana, kama punda wa kinu.
Sivyo, akasema muuguzi Mirkka.
Kinasikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza.
Ukisita, kinaugusa.

Wiki sita mkono wa kushoto usipande juu ya bega.
Kwa hiyo Lahja ananivalisha fulana
na kunichana nywele tatu zilizobaki, kwa dharau kubwa.
Simu isikae mfuko wa kifuani.
Uwanja wa ndege, toa kadi kabla hujapita mlangoni.
Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au homa ikipanda, usingoje kesho.
Betri itaisha, miaka minane, pengine kumi,
nasi tutakukata tena palepale.
"Na sauna?" Lahja akauliza, sauti imemkauka.
Kidonda kifunge kwanza, kisha nendeni.
Akashusha pumzi kama aliyesamehewa deni.

"Kazi yako?"
Nikamwambia.
Mirkka akaweka kalamu chini.
Umeme wa kuchomelea, akasema, una kelele nyingi;
kifaa kinaweza kudhani kelele ile ni moyo wako,
kikanyamaza wakati wa kusema.
Nilitazama dirishani. Theluji, baiskeli moja, theluji.
Kwa siku kadhaa nilimchukia mgeni huyu.
Usiku nilimpapasa kwa kidole, kilima kidogo chini ya ngozi,
nikamwambia: umenipa pumzi, umeninyang'anya moto.
Hakujibu. Labda usiku ule nilikuwa napiga mwenyewe.

Barakoa yangu nilimpa Vilja, mwanagenzi wangu,
ikiwa bado na jasho langu kwenye ukanda.
Inamlegea kidogo.

Jana alinipigia kutoka kwenye gati,
pembe ya chini ya tangi, mahali pabaya, chuma kinamtoboka.
Nikaweka simu sikio la kulia, kama nilivyofunzwa,
nikamwambia, usinieleze. Choma tu, nisikie.
Ikaja ile sauti, mafuta ya moto kikaangoni,
mbali nami kilomita sita, salama,
ikikimbia, ikikwama, ikikimbia.
Nikafumba macho.
Alipokwenda vizuri, nilinyamaza.
Aliposita, nikasema: sasa.